Kompyuta ya Nyumbani Ikichoka: Tuitupe au Tuitibu?

Akina mama wengi wenye kompyuta nyumbani wanaifahamu shida hii. Mtoto anabonyeza kitufe cha kuwashia, anakwenda kunywa chai, anarudi, na kioo bado kinazungusha kile kiduara chake. Baba anasema imezeeka, inunuliwe nyingine. Watoto wanaunga mkono kwa furaha. Mama, ambaye ndiye anayejua ada ya shule imebaki kiasi gani, ananyamaza.

Mama asinyamaze. Kompyuta nyingi za nyumbani zinazoitwa mbovu hazijafa, ila zimelemewa. Sisi wauguzi tulifundishwa kwamba mgonjwa hapewi dawa kabla ya kupimwa, na kanuni hiyo inafaa hapa pia. Tukijua kinachoichelewesha, mara nyingi kifaa kimoja au viwili huirudishia nguvu, na fedha zilizobaki zikafanya kazi nyingine.

Tuanze kwa kupima

Kama kompyuta yako inatumia Windows, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati imelemewa. Litafunguka dirisha linaloonyesha jinsi kila kiungo kinavyofanya kazi, kwa asilimia. Tazama safu tatu: CPU, yaani prosesa, ambayo ni ubongo, Memory, yaani kumbukumbu, na Disk, yaani diski.

Kama diski imefika 100 na kukaa hapo huku prosesa ikiwa chini, basi ubongo ni mzima ila unasubiri miguu. Kama kumbukumbu imefika 90 na zaidi, kompyuta imekosa nafasi ya kufanyia kazi. Prosesa ikiwa ndiyo iliyojaa muda wote, hata kwa kazi ndogo, hapo tatizo ni gumu zaidi. Huenda pia kuna programu isiyotakiwa inayokula nguvu kwa siri, kwa hiyo kagua virusi kwanza.

Diski na kumbukumbu

Tufikiri juu ya jiko. Diski ni stoo ambako unga, mchele na maharage vinakaa. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita RAM, ni meza unayopangia vitu vya kupika sasa hivi. Meza ikiwa ndogo, mpishi anakwenda stoo kila dakika. Na stoo ikiwa mbali, chakula kitachelewa hata kama mpishi ni hodari.

Diski za zamani zina sahani inayozunguka, katika laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika, na sindano inayotembea juu yake kutafuta kinachotakiwa. Diski ya aina ya SSD haina kitu kinachozunguka. Ya zamani husoma kama MB 100 hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida husoma hadi MB 500 hivi, tena haipotezi muda kutafuta huku na huku. Ndiyo sababu kubadili diski peke yake huwashangaza watu: kompyuta iliyochukua dakika kadhaa kuwaka, sasa inawaka kwa muda wa kufunika sufuria.

Kwa kumbukumbu, GB 4 zinabana sana siku hizi. Kwa barua, masomo ya watoto, hesabu za kikundi na kutazama mahubiri kwenye intaneti, GB 8 zinatosha nyumba nyingi. Ila angalia aina yake. Kuna DDR3, DDR4 na DDR5, na moja haiingii mahali pa nyingine. Za laptopu pia ni fupi kuliko za kompyuta ya mezani. Ukienda dukani, chukua ile ya zamani mkononi au andika jina na namba ya kompyuta yako. Laptopu nyingine zimeundwa na kumbukumbu iliyolehemewa ndani, haiongezeki. Uliza kabla ya kulipa.

Usisahau tiba isiyo na gharama kubwa: vumbi. Feni ikizibwa na vumbi, prosesa hupata joto, na ikipata joto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kusafisha feni na kupaka upya ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa ni kazi ndogo kwa fundi anayeijua.

Kabla ya kufungua bisibisi

Hapa tunaomba usikilize kwa makini. Ndani ya kompyuta ya familia kuna picha za arusi, sauti ya bibi aliyekwisha kutangulia, daftari la michango ya akina mama. Fundi anaweza kukuuzia diski nyingine, lakini hawezi kukuuzia picha hizo. Nakili kila kitu muhimu kwenye diski ya nje au flashi, kisha fungua nakala hizo katika kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka. Kama diski inatoa mlio wa kugongagonga, huyo ni mgonjwa mahututi: nakili leo, usingoje Jumamosi.

Diski ya zamani ikitolewa, rudi nayo nyumbani. Kama ni nzima, itiwe katika kasha la USB iwe ya kuhifadhia nakala. Kama ni mbovu, usiiache kwa mtu usiyemjua, kwa maana siri za nyumba yako bado zimo.

Vijana na kuikimbiza prosesa

Kijana wako anaweza kusema, “Mama, ya nini kununua? Tuikimbize tu.” Anazungumzia ovakloki, yaani kuilazimisha prosesa iende kasi kuliko ilivyopangiwa kiwandani. Si uongo kwamba inawezekana. Mwaka 1998 Intel walitoa prosesa ya Celeron 300A ya megahezi 300, na wengi waliifikisha 450 bila shida kubwa. Sifa hiyo haijafutika.

Lakini prosesa nyingi za nyumbani, hasa za laptopu, zimefungwa zisibadilishwe kasi. Hata ile inayokubali hudai umeme zaidi, na volti za umeme wake zikiongezwa kwa asilimia 10, joto huongezeka kwa zaidi ya asilimia 20. Katika chumba cha Mombasa au Dar es Salaam mwezi wa Februari, hiyo ni kumvalisha sweta mwenye homa. Tena, kama kilichokuwa kikiichelewesha ni diski, prosesa itakimbia tu kwenda kusubiri. Kijana apewe kazi ya kupima na kunakili. Atajifunza mengi bila kuunguza kitu.

Pale ambapo tiba haifai

Bwana Yesu, katika Injili ya Luka sura ya 14, alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Nasi tuketi. Ulizia bei ya diski, ya kumbukumbu na ya kazi ya fundi katika maduka matatu, ujumlishe. Jumla ikikaribia bei ya kompyuta iliyotumika yenye afya nzuri, basi acha.

Liko jambo lingine. Mnamo Oktoba 14, 2025 Microsoft walimaliza matunzo ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 haikubali kompyuta nyingi za kabla ya mwaka 2017 hivi, hata ukiziongezea nini. Kompyuta ya namna hiyo inaweza kuwekewa Linux, kama Ubuntu au Linux Mint, ambazo hazilipiwi. Kwa kuandika na kusoma zinatosha kabisa, ila hakikisha kwanza kwamba programu unazozitegemea zinapatikana humo.

Mama mpendwa, huhitaji kuwa fundi ili kusema neno katika jambo hili. Umekwisha kujua kupima, kunakili na kuuliza bei. Jioni ya leo, baada ya chakula, waite watoto, bonyezeni vile vitufe vitatu, mwandike mlichokiona. Hapo ndipo familia izungumze juu ya fedha. Mungu awape hekima katika matumizi ya vyote alivyowakabidhi.