Anayekula Sana Huku Anakonda

Katika kambi hakosekani askari apewaye jina la utani kwa sababu ya kula. Akimaliza sahani yake ya ugali wa muhogo na maharagwe hurudi kwenye foleni, na wenzake humcheka. Mara nyingi kicheko hicho hakina madhara, kwani baada ya mwendo wa kilomita 20 na mzigo mgongoni, njaa ni haki ya mwili. Lakini wako wachache tunaowacheka kwa makosa. Hao hula leo kuliko jana, na bado suruali huwalegea wiki hata wiki.

Tungependa ndugu zetu wanajeshi na polisi wa Bujumbura watambue kwamba njaa ya namna hiyo ni dalili. Ikiandamana na kiu isiyokatika na kuamka usiku mara kwa mara kwenda kukojoa, hapana budi kushuku ugonjwa wa sukari. Chakula kingi tulacho hugeuka sukari katika damu, na sehemu kubwa ya mwili haiwezi kuitumia sukari hiyo pasipo insulini itokayo katika kongosho. Insulini ikikosekana au ikikosa nguvu, sukari hufurika katika damu na kutoka kwa mkojo pamoja na maji mengi, ilhali mwili wenyewe unaona njaa, ukaanza kuchoma mafuta yake na hata misuli. Ni kama kikosi kinachokosa chakula mbele ya ghala lililojaa, kwa kuwa ufunguo umepotea.

Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi, mtu huweza pia kula sana na kukonda. Huyo moyo humwenda mbio, mikono humtetemeka, na joto humshinda hata jioni penye upepo wa Ziwa Tanganyika. Wengi husingizia minyoo au sumu ya jirani, wakanywa mitishamba kwa miezi. Muda huo ndio unaopotea bure, maana kupima sukari ni kazi ya tone la damu.

Tiba yenyewe ilifunguliwa njia na mtu wa vita. Frederick Banting, daktari katika jeshi la Kanada, alijeruhiwa karibu na Cambrai mwaka 1918. Mwaka 1921 yeye na Charles Best walifanya majaribio yao Toronto kwa mbwa, na Januari 1922 mvulana aitwaye Leonard Thompson akadungwa insulini. Kabla ya hapo mtoto wa namna hiyo alingojea kufa tu.

Kwa polisi tuna neno la pekee. Mgonjwa aliyejidunga insulini asile, sukari humshuka: njaa kali ya ghafla, jasho, kutetemeka, maneno kukorogeka, kupepesuka. Usiku, penye kizuizi cha barabara, ataonekana mlevi. Naye ambaye sukari imempanda mno, pumzi yake huweza kunuka kama matunda yaliyoiva, ikadhaniwa pombe. Akilazwa mahabusu hadi asubuhi huenda akakutwa maiti. Basi aulizwe kwanza kama ana ugonjwa wa sukari, na mifuko yake iangaliwe kama ina kadi au dawa. Aliyejidunga, akiweza kumeza, apewe chai yenye sukari nyingi. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Alazwe kwa ubavu, apelekwe hospitali mara moja, hata kama gari la doria ndilo pekee lililopo.