Programu ya kikundi: Nani anashika daftari?

WAFANYABIASHARA wa mipakani wanapochangishana fedha ili watengenezewe programu ya simu ya kufuatilia bei, mizigo na madeni, huuliza mambo mawili: itagharimu kiasi gani na itakamilika lini. Swali la tatu husahaulika, nalo ndilo huamua kama mali hiyo itabaki yao: kumbukumbu za kazi zitatunzwa wapi?

Programu moja inaweza kuandikwa na mafundi walioko Arusha, Kampala na Kigali kwa wakati mmoja. Mfumo wa kudhibiti matoleo ndilo daftari lao. Huonyesha nani alibadilisha nini, lini na kwa nini, na kosa likitokea huwawezesha kurudi kwenye toleo lililokuwa sawa.

Subversion, iliyoanza mwaka 2000, huweka daftari moja kwenye seva kuu, na fundi asiye na mtandao hawezi kuingiza badiliko. Git na Mercurial, zote za mwaka 2005, humpa kila fundi daftari zima na historia yake. Huendelea na kazi mtandao ukikatika, kisha huunganisha na wenzake ukirudi.

Funzo la Linux

Kuanzia 2002, mradi wa Linux, unaochangiwa na mafundi wa nchi nyingi, ulitumia BitKeeper, mali ya kampuni ya BitMover ya Marekani. Waliitumia bure, lakini kwa masharti. Mwaka 2005 ukazuka mvutano kuhusu masharti hayo, na kampuni ikaondoa ruhusa.

Mwanzilishi wa Linux, Linus Torvalds, alianza kuandika Git Aprili mwaka huo. Juni, toleo la Linux 2.6.12 lilitoka likiwa linatunzwa na Git.

Kikundi cha wafanyabiashara hakina Torvalds wa kukiokoa, hivyo tahadhari ije mapema.

Mkataba useme nini

Kwa mafundi walio mbalimbali, Git inafaa zaidi, na wanaoijua ni wengi. Subversion bado inafaa kwa kazi yenye mafaili makubwa ya picha, au pale fundi anapotakiwa kuona folda moja tu.

Hata hivyo, kuchagua Git pekee hakutoshi. Daftari la pamoja mara nyingi huwekwa kwenye huduma ya kampuni, kama GitHub au GitLab. Akaunti ikiwa kwa jina la fundi, akigombana nanyi anaweza kuwafungia mlango.

Akaunti iandikishwe kwa jina la kikundi, na wanachama wawili au zaidi wawe na mamlaka juu yake. Nakala kamili ipakuliwe kila mwezi. Malipo ya mwisho yasubiri hadi fundi mwingine achukue nakala hiyo na kuiendesha programu.

Nywila na orodha za wateja zisiingizwe humo kamwe. Zikifutwa leo, historia bado inazo.