Merikebu ya Mita 37 Uwanjani: Rekodi za Waviking kwa Shule ya Msingi

Mtoto wa miaka tisa akifundishwa habari za kale, huuliza kwanza kipi kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Huko Uingereza Waviking wamo katika mtaala wa shule za msingi, na wazazi wetu waishio kule huulizwa maswali hayo mezani wakati wa chakula. Rekodi zipo tele. Mimi nachagua zile ambazo mtoto anaweza kuzipima au kuzikokotoa mwenyewe, kwa sababu hizo ndizo hazimtoki kichwani.

Tuanze na urefu. Merikebu ya kivita ya Waviking iliyo ndefu kuliko zote zilizofukuliwa inaitwa Roskilde 6. Ilipatikana Denmark mwaka 1996, tena pasipo kutafutwa: mafundi walikuwa wakichimba ili kupanua eneo la makumbusho ya merikebu za Waviking mjini Roskilde. Iliundwa kwa mwaloni yapata mwaka 1025, na urefu wake ni kama mita 37. Wataalamu wanakadiria kwamba ilikuwa na makasia 78. Mwalimu achukue kamba, apime mita 37 uwanjani, apime na upana wa mita nne hivi, kisha awapange watoto wawili wawili, jozi 39. Darasa moja halitatosha. Aazime la jirani. Wakishabanana humo ndani wataelewa, bila kuhubiriwa, kwa nini kila mtu alilazimika kuvuta kasia kwa mwendo mmoja na mwenzake.

Tanga lilikuwa moja, la mraba kama la mtepe, si la pembetatu kama la jahazi. Mbao za ubavuni zilipandana kingo, zikafungwa kwa misumari ya chuma, na katikati zikatiwa kalafati ya sufu au manyoya yenye lami. Ubora wa uundaji huo ulithibitishwa mwaka 1893. Nahodha Magnus Andersen wa Norway aliondoka Bergen na merikebu iliyonakiliwa kutoka ile ya Gokstad, ya karne ya 9, akafika Newfoundland baada ya siku 28. Aliandika kwamba chombo kilijinyonga pamoja na mawimbi, kingo zikipinda hata sentimita 15, na bado hakikuvunjika. Darasani, sanduku la karatasi ngumu na lingine la kadibodi laini, yakikunjwa kwa mikono, yanatosha kuonyesha siri hiyo.

Rekodi ninayoipenda kuliko zote ni ya hesabu. Huko L'Anse aux Meadows, Newfoundland, kuna mabaki ya makazi ya Waviking, na ndiko ulikotoka mwaka wa mapema kuliko wote uliothibitishwa wa Wazungu kuwako Amerika: 1021. Umejulikanaje? Mwaka 993 dhoruba kubwa ya jua iliacha alama katika pete za miti duniani. Wanasayansi waliipata alama hiyo katika vipande vya mbao zilizokatwa kwa zana za chuma, wakahesabu pete kuelekea kwenye gome, zikawa 28. Mpe mtoto 993, mpe 28, azijumlishe mwenyewe. Kristofa Kolombo alifika miaka 471 baadaye.

Hazina kubwa kuliko zote za fedha za zama hizo ilipatikana mwaka 1999 katika shamba la Spillings, kisiwani Gotland, Sweden: kilo 67, zikiwemo sarafu zaidi ya 14,000. Nyingi ni dirhamu za Kiislamu, zenye maandishi ya Kiarabu, zilizopanda kaskazini kupitia mito ya Urusi kwa biashara ya manyoya na watumwa. Mtoto anayesoma madrasa ana la kuwaeleza wenzake hapo. Na watumwa wasifichwe. Kwa watu wa pwani yetu habari hiyo si ngeni.

Nyumba ndefu kuliko zote ni ya chifu wa Borg, visiwani Lofoten, mita 83. Haya, twende kwenye rekodi itakayowachekesha.

Mjini York, mwaka 1972, kilifukuliwa kinyesi cha Mviking kilichogeuka jiwe, chenye urefu wa sentimita 20 hivi, kinachotajwa kuwa kikubwa kuliko vyote vya binadamu vya aina hiyo. Kimewekwa katika kituo cha Jorvik, na watoto hukizunguka. Mwalimu asione haya: ndani yake yalionekana mabaki ya nyama na nafaka, na mayai mengi ya minyoo. Watoto wanaopewa dawa ya minyoo shuleni watamwelewa mtu huyo haraka kuliko mfalme yeyote.

Imebaki rekodi moja ya uongo. Kofia ya chuma ya Waviking inayokaribia kuwa kamili kuliko zote ni ya Gjermundbu, Norway, iliyopatikana mwaka 1943, na haina pembe. Hakuna kofia ya Waviking yenye pembe iliyowahi kufukuliwa. Pembe hizo zilienezwa na mavazi ya jukwaani ya opera ya Richard Wagner mwaka 1876. Walimu, tafadhali zifuteni kwenye michoro ya darasani.