Si Kila Homa Ni Malaria

Siku moja nikiwa Muleba mjini, mama mmoja anayeuza ndizi karibu na stendi alinisimamisha akaniuliza, "Mwandishi, ule ugonjwa wa Maruku waliutambuaje, na dalili zake ni zile zile za malaria?" Nilimjibu juu juu, maana basi la Bukoba lilikuwa linaondoka. Leo nataka kumjibu vizuri, kwa kuwa swali lake ni zito kuliko mengi tunayouliza sisi waandishi wa habari.

Kwanza tukumbushane. Tarehe 16 Machi, 2023 Mganga Mkuu wa Serikali wa wakati huo, Profesa Tumaini Nagu, alitoa taarifa kwamba watu 7 wa kata za Maruku na Kanyangereko, Bukoba Vijijini, wameugua ugonjwa usiojulikana, na 5 kati yao wamefariki dunia. Siku 5 baadaye Ummy Mwalimu, aliyekuwa Waziri wa Afya, alitangaza kuwa maabara imekuta virusi vya Marburg. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa huo kuthibitishwa Tanzania. Hadi ulipotangazwa kwisha, tarehe 2 Juni, waliougua walikuwa 9 na waliofariki 6.

Sasa tazama ugumu wenyewe. Ugonjwa huanza na homa kali ya ghafla, kichwa, misuli kuuma na mwili kulegea, kisha kutapika na kuharisha. Mganga wa zahanati yoyote mkoani Kagera huwaona wagonjwa wa namna hiyo kila wiki. Kutokwa na damu, ambako wengi wetu tunakungojea kama ndiyo alama yenyewe, huja baada ya siku kadhaa, na wengine hakuwapati kabisa. Hata kipimo cha malaria kikionyesha vimelea, bado hakijakata shauri, kwa sababu mtu mmoja aweza kuwa na vyote viwili.

Kinachoutofautisha ni namna unavyofuatana. Kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani, mgonjwa wa kwanza alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, wilayani Muleba, akaanza kuugua alipofika kijijini kwake Bukoba. Baadaye wakaugua jamaa zake, na pia watumishi wa afya 2, ambao mmoja wao alifariki. Malaria haiendi hivyo. Mbu hana habari nani alimuuguza nani. Marburg hupita kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mgonjwa au ya maiti, kwa hiyo humfuata aliyefua shuka, aliyechoma sindano na aliyeosha marehemu.

Mganga humwona mgonjwa mmoja kitandani, lakini mfuatano huo anaujua ndugu aliyemsindikiza. Nasi mara nyingi tunaficha. Tunasema "ana homa tu", hatutaji msiba wa wiki iliyopita. Vifo vikifuatana katika nyumba moja, tunaanza kumtafuta mchawi. Mkoa huu unakumbuka. Mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walipatikana hapa hapa Kagera. Huku vijijini ugonjwa ule uliitwa Juliana, jina la nguo za magendo kutoka Uganda, na wako waliosadiki kwamba waliokufa wamerogwa na wafanyabiashara waliodhulumiwa. Wakati watu wanabishana juu ya nguo, ugonjwa uliendelea na safari yake.

Marburg haina dawa mahususi iliyokwisha kuidhinishwa. Hata hivyo, maji ya kutosha, dripu na uangalizi wa karibu huokoa watu, na 3 wa Bukoba walipona. Watu zaidi ya 200 waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa, kila mmoja kwa siku 21, ambazo ndizo mwisho wa muda virusi huweza kujificha mwilini kabla ya dalili kuonekana.

Linganisha na Biharamulo. Tarehe 20 Januari, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa Marburg imerudi Kagera. Katika mlipuko ule walihesabiwa wagonjwa 10, na wote walifariki. Waliothibitishwa na maabara ni 2 tu. Wale 8 walikuwa wamekwisha kufa kabla ugonjwa haujajulikana jina.

Kwa hiyo, mama yangu wa Muleba, ukimpeleka mtu mwenye homa hospitali, mweleze mganga pale mlangoni, kabla mgonjwa hajalazwa: kwa siku 21 zilizopita amesafiri wapi, amemuuguza nani, ameshiriki kuosha maiti ya nani. Usishike matapishi wala damu yake kwa mikono mitupu. Na kama nyumbani kwenu wameugua wawili au watatu kwa kufuatana, msiwahamishe kwa pikipiki kutoka zahanati hadi zahanati. Pigeni namba 199 ya Wizara ya Afya, bila malipo, muwaite wataalamu waje.