Mchezo Wenye Mafundisho

Watu wengi hudhani ya kuwa mchezo ni adui wa mafundisho. Mtoto akionekana anacheza huambiwa, "Acha mchezo, shika kitabu." Nasi hatukatai kwamba kitabu ni kitu kikubwa, lakini twataka kuwaonyesha wasomaji wetu, hasa waalimu, wenyeviti wa mitaa na vijiji, na wazee waongozao wenzao, ya kuwa uko mchezo ambao ni mafundisho yenyewe. Mchezo huo ni ule wa kuigiza. Hautaki jumba wala mavazi ya fedha nyingi. Hutaka uwanja, kivuli cha mti, na mwalimu mwenye subira.

Twaandika haya kutoka Bagara, katika mji wa Babati, ulio makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipotengwa na Arusha mwaka 2002. Wenyeji wajua jinsi watu walivyochanganyika hapa: Wagorowa, Wairaqw, Warangi, Wambugwe, Wabarbaig, na wageni wengi walioletwa na barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma. Mtoto wa darasa la kwanza aghalabu huja shuleni na lugha ya mama yake, akakikuta Kiswahili cha mwalimu. Hujifunza kuitikia kabla hajajifunza kuelewa. Mwalimu akiuliza, "Mmeelewa?" darasa zima hujibu, "Ndiyo!" Na jibu hilo halimpi mwalimu habari yo yote.

Tulipata kuyaona haya katika shule moja ambayo hatutaitaja jina. Mtoto mmoja alisimama akataja kwa moyo, bila kukosa hata neno moja, masharti ya kujihadhari na viboko wa Ziwa Babati. Tukamsifu. Kisha tukatoka naye uwanjani pamoja na wenzake, tukachora mstari wa majivu kuwa ukingo wa ziwa. Mvulana mmoja akajitwika gunia akawa kiboko, akatoka majini kwenda malishoni kama kiboko afanyavyo jua likichwa. Wengine wakawa watu wachotao maji. Ngoma ikapigwa, kiboko akageuka kurudi ziwani, na watoto karibu wote wakakimbilia majini! Yule aliyetaja masharti alikuwa wa kwanza.

Hatukucheka. Tuliwauliza sababu, wakajibu: "Kiboko yuko nchi kavu, basi majini hapana kitu." Jibu hili lina akili ndani yake, walakini ni jibu la kufisha. Kiboko akishtuka hukimbilia maji, na mtu aliyesimama baina yake na maji ndiye apatikanaye na mabaya. Wala mtu hawezi kushindana naye kwa mbio, maana mnyama yule aonekanaye mzito huweza kwenda kama kilometa 30 kwa saa. Tukacheza mara ya pili, na mara ya tatu. Mara ya tatu watoto wote walitoka katika njia ya kiboko wakasimama kando. Kwa nusu saa miguu yao ilijifunza yale ambayo midomo yao ilikuwa ikiyasema muda mrefu bila kuyajua.

DESTURI HII SI NGENI

Asidhani mtu kwamba kufundisha kwa kuigiza kumeletwa na vitabu. Mtambaji wa hadithi za jioni hugeuza sauti yake akawa fisi, kisha akawa sungura, na wasikilizaji huitikia wimbo wake. Hapana asiye na kazi. Wairaqw wanayo slufay, maneno ya baraka na sala ambayo mzee huyatamka, na watu wote huitikia kila kifungu. Na watoto wachungao mifugo hujenga maboma ya mawe, ng'ombe wao wakawa kokoto na matunda ya ndulele. Mmoja akawa baba, mmoja mama, mmoja mgeni aliyekuja kuposa. Ukitaka kujua jinsi mtoto anavyoyaona mambo ya nyumbani kwake, simama mbali umtazame katika mchezo huo.

Wenye elimu wa nchi yetu nao wameitumia njia hii. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, shule nyingi zilifundisha siasa kwa ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana, ambayo Mathias Mnyampala wa Dodoma ndiye aliyeyapa nguvu. Faida yake ilikuwa kubwa, lakini katika ngonjera mtoto husema maneno aliyotungiwa na mkubwa. Ndipo waalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, wakatafuta njia ya kumfanya mtu aseme maneno yake mwenyewe. Mwaka 1982 na 1983 kazi hiyo ilifanyika katika kijiji cha Malya, Kwimba. Hawakwenda na mchezo uliokwisha andikwa. Kwanza waliwauliza wenyeji taabu zao, kisha wenyeji wakaziigiza taabu hizo kwa ngoma na michezo yao wenyewe, kisha wakakaa kuzungumza juu ya dawa yake. Tangu mwaka 1996 ukafuata mpango ulioitwa Tuseme, ambao wasichana wa shule za sekondari waliutumia kuonyesha kwa maigizo mambo yanayowazuia kusoma. Baadaye mpango huo ulienea katika nchi nyingine za Afrika.

Huko Brazili nako alikuwako Augusto Boal, aliyefariki mwaka 2009. Yeye alifundisha ya kuwa mtazamaji asikae akitazama tu, bali awe na ruhusa ya kuusimamisha mchezo na kuingia uwanjani kuonyesha njia nyingine. Jambo hili tutalieleza chini, maana lafaa sana katika mikutano.

MICHEZO MINNE ILIYO RAHISI

Wa kwanza ni Kioo. Watoto wawili husimama kuelekeana. Mmoja hujongea polepole, na wa pili humfuata katika kila tendo kama sura iliyo ndani ya kioo. Baada ya dakika mbili hubadilishana. Mchezo huu hutuliza darasa lenye makelele, na humfunza mtoto kumwangalia mwenzake. Nao hautaki lugha, kwa hiyo mtoto asiyejua Kiswahili vizuri huanza akiwa sawa na wenziwe.

Wa pili ni Sanamu. Wagawe watoto makundi ya watu sita au wanane. Litaje jambo: soko, zahanati, mvua iliyochelewa. Kila kundi lifanye sanamu ya jambo hilo kwa miili yao, wakae kimya bila kutikisika. Mwalimu apite, amguse mmoja begani, naye aseme neno moja lililomo moyoni mwa yule anayemwigiza. Hapo ndipo utakaposikia maneno ambayo hayapatikani katika mtihani. Darasa likiwa kubwa, nusu waigize na nusu watazame; lakini watazamaji wapewe kazi, kwa mfano kutaja ni nani katika sanamu ile mwenye nguvu, na ni nani asiyesikilizwa.

Wa tatu ni Mchezo wa Hatari, ambao mfano wake ni ule wa kiboko. Mkoa wetu una sababu ya kuushika. Tarehe 3 Desemba 2023 sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka baada ya mvua kubwa; tope, mawe na magogo vikashuka mpaka Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Basi watoto wafundishwe kwa miguu yao. Chora korongo chini. Mmoja awe mlinzi mwenye ngoma. Akisikia mngurumo, au akiona maji ya mto yamegeuka tope ghafula, apige. Watoto watoke bondeni kwa ubavu wapande mahali pa juu, wala wasikimbie kuufuata mkondo. Tupa daftari na viatu njiani, uone ni nani atakayerudi kuvichukua. Huyo ndiye atakayewafunza wengine, maana wote watakumbuka.

Wa nne ni Simama, nao ni wa vijana na watu wazima. Tuchukue jambo zito. Katika uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ilionekana kwamba katika Manyara wanawake 58 kwa kila 100, wa umri wa miaka 15 mpaka 49, walikuwa wamekeketwa, kiasi kilichopita mikoa yote. Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Sheria imesomwa mara nyingi katika mikutano. Watu huitikia "Ndiyo" kama lile darasa, kisha hurudi nyumbani.

Sasa vijana waigize. Msichana amefaulu mtihani. Bibi yake asema, "Mjukuu wangu, bila jando la wanawake hutaitwa mtu." Mama anyamaza. Baba asema, "Mambo ya wanawake sisi hatuyaingilii." Shangazi amekwisha panga siku. Mchezo unakwisha vibaya. Kisha huanzwa tena, na mtazamaji ye yote akiona mahali ambapo neno moja lingaligeuza mambo, huita, "Simama!" akaingia badala ya mtu mmoja kulijaribu neno lake. Wengine hubaki wakimpinga kwa nguvu zao zote, kama wapingavyo watu wa nyumbani.

Iko kanuni moja hapa. Mtazamaji achukue nafasi ya msichana, au ya mama anyamazaye, au ya baba ajifichaye nyuma ya mila. Lakini asichukue nafasi ya yule anayeshikilia neno baya akamfanya ageuke mwema mara moja. Shangazi aliyebadilika moyo ghafula ni ndoto, wala haitamsaidia msichana kesho. Tena usishangae ukiona mzee ameinuka kuingia nafasi ya baba. Mtu ambaye mkutanoni hawezi kusema, "Mimi nilikosea," huweza kulisema neno hilo akiwa amevaa jina la mtu mwingine. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuigiza, nayo haipatikani kwa hotuba.

BAADA YA MCHEZO

Mchezo usiofuatwa na mazungumzo ni ngoma ya kupitisha jioni tu. Kila mara wakalishe watu uwauliize maswali matatu: Mmeona nini? Kwa nini ikawa hivyo? Sisi tutafanya nini? Swali la kwanza liulizwe kwa walio wadogo na wanyamavu kabla ya wakubwa, kwa kuwa mzee akisema kwanza, wengine hurudia maneno yake kwa heshima.

MAMBO YA KUJIHADHARI

Msimwigize mtu ajulikanaye mtaani kwa jina, wala kwa mwendo wake, wala kwa sauti yake. Hiyo si elimu bali ni fitina. Msimlazimishe mtoto mwenye haya. Mpeni kwanza kazi ya ngoma au ya kushika kamba. Msimpe mtoto nafasi ya msiba wake mwenyewe. Mtoto aliyefiwa katika tope asilazwe chini kuwa maiti. Mchezo uanze kwa kuokoka, naye awe mlinzi mwenye ngoma akitaka. Aliyekuwa mlevi au mwizi katika mchezo avuliwe nafasi hiyo mbele ya wote, ataje jina lake halisi, wenziwe wamwitikie, asije akabaki na jina la utani mwaka mzima. Tena waalimu waangalie, wavulana wasiwe wenyeviti siku zote na wasichana wabeba maji siku zote, maana hilo nalo ni fundisho, ingawa hatukulikusudia.

Wako watakaosema, "Watoto watapoteza adabu," na wengine, "Mtihani u karibu, hapana nafasi." Kwa wa kwanza twajibu: mchezo huu una sheria kuliko darasa la kimya, kwa kuwa asiyengojea zamu yake huuharibu, na wenziwe ndio wamwonyao. Kwa wa pili twajibu: si kila somo lataka kuigizwa. Majedwali ya kuzidisha yakaririwe kama zamani. Lakini hesabu ya faida na hasara ikifundishwa kwa duka la uwanjani, lenye mizani ya vijiti na mahindi ya kokoto, mtoto ataona kwa nini aliyenunua debe kwa bei ya juu akaliuza kwa bei ya chini ameondoka akilia. Robo saa yatosha.

Basi twawaomba waalimu wajaribu mchezo mmoja tu wiki hii, na wenyeviti waombe vijana wa mtaa wafungue mkutano ujao kwa igizo fupi badala ya hotuba ndefu. Msitazame kama wameigiza vizuri. Tazameni kama yuko mtu aliyesema ambaye hakuwa akisema. Akipatikana mmoja, kazi imeanza.