Kuikinga Vali Wakati wa Kupasha Joto Viungo vya Mabomba

Utangulizi

Aghalabu maneno kulehemu na kuchomelea hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali kazi zenyewe ni mbili. Anayelehemu huyeyusha bati au risasi na kuviacha vipande vinavyoungwa vikiwa vigumu. Anayechomelea huziyeyusha ncha za vipande vyenyewe hadi zikashikamana. Mabomba yapitishayo mvuke mkali katika vituo vya kuzalisha umeme huungwa kwa njia hii ya pili.

Hata hivyo, kazi haiishi moto unapozimwa. Chuma kilichoyeyuka hunywea kinapopoa, nacho chuma kilicho kando yake hukizuia. Matokeo yake ni mikazo inayosalia ndani ya kiungo, na katika baadhi ya vyuma sehemu hiyo huwa ngumu na rahisi kupasuka. Ndiposa kiungo hupashwa joto upya ili mikazo hiyo itulizwe.

Kiini cha Tatizo

Joto lenyewe si haba. Chuma cha kawaida chenye kaboni hupashwa hadi takribani nyuzi 600 hadi 650 za Selsiasi. Kile chenye kromiamu asilimia 9 na molibdenamu asilimia 1 huhitaji takribani nyuzi 730 hadi 770, kwa muda unaotegemea unene wake.

Kiungo kikiwa karibu na vali, dawa hii hugeuka sumu. Baadhi ya vali huzibwa kwa tefloni, ambayo huanza kudhoofika joto lipitapo nyuzi 260, huyeyuka karibu na nyuzi 327, na ikizidi kuchomwa hutoa hewa yenye sumu. Grafiti hustahimili zaidi, lakini nayo huliwa na oksijeni kama makaa. Aidha, kiti cha vali, yaani uso unaokaliwa na kizibo chake, huchongwa kwa usawa mkubwa. Kikipinda kidogo tu, vali huvuja. Fundi anayefungua bomba akiamini kwamba mvuke umezuiwa anaweza kubabuliwa hadi kufa.

Njia za Kinga

Kwanza, inapowezekana, sehemu za ndani huondolewa kabla ya kazi na kurudishwa vali ikishapoa. Pili, kiwandani, vipande vifupi vya bomba huchomelewa kwenye ncha za vali na kupashwa joto kabla ya sehemu za ndani kutiwa. Kwa njia hii, kiungo kitakachopashwa joto baadaye huwa mbali na kiti.

Tatu, vali isiyoweza kufunguliwa hukingwa kwa kulizuia joto lisienee. Pedi za umeme huzungushiwa kiungo, blanketi za kuhami joto hufunika juu yake, na vipimajoto hubandikwa kwenye kiungo na kwenye mwili wa vali. Kizibo huachwa katika hali iliyoelekezwa na mtengenezaji.

Ikumbukwe kwamba kuifunga vali kwa matambara yaliyoloweshwa maji si kinga. Tofauti kali ya joto baina ya sehemu mbili zilizo karibu huzaa mikazo mipya, nayo ndiyo iliyokuwa ikiondolewa. Kwa sababu iyo hiyo, joto hupandishwa na kushushwa polepole.

Hitimisho

Tahadhari kabla ya hatari. Saa chache za kuifungua vali, au kukipima kila kiungo kwa makini, ni gharama ndogo zikilinganishwa na vali inayovuja kituo kikiwa kazini. Hali kadhalika, maelekezo ya kazi kama hii hayana budi kutofautisha kulehemu na kuchomelea, kwani usalama wa fundi huanzia katika neno analolisoma.