Uhai wa Vijito Baada ya Mafuriko Wategemea Kingo Zenye Miti

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Sehemu kubwa ya maji ya Mto Ruvu, unaohudumia wakazi wa Mikoa ya Dar es Salaam na Pwani, hutoka katika vijito vya Milima ya Uluguru. Chini ya mawe ya vijito hivyo huishi viumbe wadogo wasio na uti wa mgongo, wakiwemo tunutu wa kereng'ende, mabuu ya usubi, konokono na kaa. Wengi wao hula mwani na majani yaliyooza, nao huliwa na samaki.

Mafuriko yanapotokea, nguvu ya maji huviringisha mawe na kuwasomba viumbe hao. Hata hivyo, huo si mwisho wa uhai wa kijito. Baadhi yao hujificha ndani ya kokoto, wengine huletwa na mkondo kutoka juu, na wadudu waliokomaa hurejea kutaga mayai. Jamii hiyo hujijenga upya endapo makazi yake yamesalia.

Tatizo huanza pale kingo zinapolimwa na miti kukatwa. Mvua huingiza mtoni tope linaloziba nafasi kati ya kokoto, ambazo ndizo maficho ya viumbe hao. Aidha, maji yasiyo na kivuli hupata joto. Katika usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzijoto 20 huweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifikia nyuzijoto 30, kiasi hicho hushuka hadi takriban miligramu 7.5, ilhali joto hilohilo huongeza mahitaji ya viumbe. Wanaohitaji oksijeni nyingi hutoweka, wakabaki wavumilivu kama vile minyoo ya matopeni.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa TARISS, mfumo wa kupima afya ya mito ya Tanzania, unaoyapa makundi ya viumbe hao alama kulingana na uwezo wao wa kuvumilia uharibifu wa maji.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mwananchi anayeizingatia hawezi kuzuia mvua kubwa, lakini anakiachia kijito mizizi na kivuli kinavyovihitaji ili kirejee katika hali yake maji yanapopungua.